Bei ya Kutoijua Kesho

Mwaka 2000 watafiti walikwenda Nyakatoke, kijiji cha Bukoba Vijijini mkoani Kagera, ambacho wakati huo kilikuwa na kaya 119. Pamoja na maswali ya kawaida kuhusu mashamba, mifugo na mapato, walimwomba kila mtu mzima, mmoja mmoja, awataje watu anaoweza kuwategemea kwa msaada wa fedha, vitu au nguvu kazi, na wale wanaomtegemea yeye. Majibu hayo yaliwawezesha wachumi Joachim De Weerdt na Stefan Dercon kuona kisichoonekana na mpita njia: nani ameshikamana na nani, nani ana watu wengi wa kumdaka akianguka, na nani amebakiwa na jirani mmoja tu wa kumkimbilia. Naamini swali lile linakaribia kiini cha maisha ya mtu mzima kuliko maswali mengi tuliyoyazoea. Tukitaka kujua kama watu wa mahali fulani wanaishi vizuri, tunauliza wanapata shilingi ngapi. Hoja yangu ni kwamba tuulize pia, tena kwa uzito uleule, kama kesho yao inategemeka: kama homa ya wiki moja itameza akiba ya mwaka, kama maji yatapatikana, kama shamba litabaki mikononi mwa mjane, kama mzee atakuwa na chochote mfukoni bila kuomba. Kipato kidogo kinachotabirika humwachia mtu nafasi ya kupanga. Kipato kinachokizidi, lakini hakijulikani kitakuja lini wala kama kitakuja, humnyang'anya nafasi hiyo pamoja na usingizi.

Vipimo vya ubora wa maisha vipo vingi, na kila kimoja kimetusaidia kwa namna yake. Mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilianza kutoa kipimo cha maendeleo ya binadamu kilichobuniwa na Mahbub ul Haq wa Pakistani kwa msaada wa Amartya Sen wa India. Kipimo hicho kiliunganisha urefu wa maisha, elimu na kipato, kikaonyesha kwamba nchi mbili zenye utajiri sawa zaweza kuwapa raia wao maisha tofauti kabisa. Katika muongo huohuo Shirika la Afya Duniani liliandaa dodoso ambalo toleo lake fupi lina maswali 26, likigusa mwili, nafsi, mahusiano na mazingira ya mtu, na likimtaka mhojiwa mwenyewe aseme anavyoyaona maisha yake kwa kulinganisha na matarajio na utamaduni wake. Kisha kuna kipimo cha ngazi, ambacho humtaka mtu ajipange kati ya 0 na 10, chini yakiwa maisha mabaya kabisa anayoweza kuyafikiria na juu yakiwa mazuri kabisa. Kwa ngazi hiyo ripoti ya furaha duniani ya mwaka 2018 iliiweka Tanzania nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Watanzania wengi waliudhika, wakasema hawajitambui katika orodha ile. Utafiti mwingine uliotangazwa mwaka 2025, uliohusisha watu zaidi ya 200,000 katika nchi 22, Kenya na Tanzania zikiwamo, uliuliza mengi zaidi: afya, maana ya maisha, tabia njema, mahusiano, uwezo wa kifedha. Humo Indonesia ilitokea juu kabisa, na Japani, kwa utajiri wake wote, ikawa ya mwisho. Kwa hiyo mpangilio wa mataifa hutegemea sana kilichoulizwa. Ngazi inauliza umesimama wapi leo. Haikuulizi kama ubao uliosimamia ni imara.

Nimeichagua Kagera kwa sababu ni vigumu kupata mkoa mwingine wa Afrika Mashariki ambao kesho yake imetikiswa mara nyingi kiasi hicho, na ambao watu wake wamefuatiliwa kwa muda mrefu kiasi hicho. Vita ya Tanzania na Uganda ya 1978 na 1979 ilianzia kwenye ardhi yake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi waliothibitishwa nchini Tanzania walikuwa wa huko. Baadaye mnyauko wa migomba ukaingia mashambani na kuangusha zao ambalo kwa Mhaya ni chakula na pia ni heshima ya boma. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 likabomoa nyumba, na mwaka 2023 ukaja ugonjwa wa Marburg. Katikati ya hayo yote kuna utafiti ulioanza mwaka 1991 kwa kaya 915 za mkoa huo, ukarudiwa mwaka 2004 na tena 2010. Watafiti waliwatafuta watu walewale hata walikohamia, Mwanza, Dar es Salaam, Uganda, wakazipata zaidi ya asilimia 90 ya kaya za mwanzo. Ni nadra sana kupata nafasi ya kuona utu uzima wa watu ukijengeka au ukibomoka kwa karibu miaka 20.

Yaliyoonekana yanastahili kutafakariwa taratibu. Kaya iliyofiwa na mtu mzima mwenye umri wa kufanya kazi ilipungukiwa matumizi, kwa wastani, kwa takribani asilimia 7 katika miaka mitano ya kwanza baada ya msiba, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwa nayo. Mtoto aliyefiwa na mama aliingia utu uzimani akiwa mfupi kwa kama sentimita 2 na akiwa amekosa takribani mwaka mmoja wa shule. Huyo leo ni mtu mzima. Ukimhoji kuhusu afya yake na kipato chake utaandika majibu yake kana kwamba ni habari za leo, ilhali sehemu ya majibu hayo iliandikwa siku alipozikwa mama yake na pasiwe na mfuko wowote wa kuziba pengo. Kule Nyakatoke, De Weerdt na Dercon walipochunguza kinachotokea mtu anapougua, waligundua kwamba ulaji wa chakula haukuyumba sana. Kijiji kilihakikisha mgonjwa na wanawe wanakula. Matumizi mengine yasiyo ya chakula ndiyo yaliyotetereka, na hapo aliyekuwa na mtandao mzuri wa ndugu na marafiki alipata nafuu kidogo kuliko mpweke. Nauona ugunduzi huu kuwa sifa kubwa kwa kijiji na wakati huohuo onyo. Ndizi za jirani zitakufikisha kesho asubuhi. Ada ya shule, dawa ya mwezi mzima na bati la kuezekea ni mambo yanayozidi uwezo wa jirani ambaye naye ana lake.

Watu wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wamejijengea taasisi. Vyama vya kufa na kuzikana vipo karibu kila kijiji cha Kagera, na watafiti waliovichunguza sambamba na vyama vya aina hiyo nchini Ethiopia, vinavyoitwa iddir, walikuta vina orodha ya wanachama, viwango vya michango na kanuni zinazoeleza nani atapewa nini msiba ukitokea. Huo si ukarimu wa papo kwa papo. Ni bima, iliyotungwa na watu wasio na benki wala wakala, na uimara wake unatokana na kwamba mwanachama anajua mapema atakachopata. Tofauti kati ya msaada unaoweza kuja na haki unayoijua ndiyo tofauti inayobeba makala hii nzima.

Madhara ya kutoijua kesho huanza kabla balaa lolote halijatokea, na hapa ndipo wapangaji wa sera hukosea mara nyingi. Dercon huyohuyo, katika utafiti wake wa Shinyanga uliochapishwa mwaka 1996, aliona kwamba kaya zisizo na mifugo ya kuuza wakati wa dhiki zilitenga sehemu kubwa zaidi ya ardhi kwa viazi vitamu. Kiazi huvumilia ukame, na Wasukuma hukikata na kukikausha kuwa michembe ya kuwavusha miezi ya njaa, ila hakiingizi fedha nyingi. Mwenye ng'ombe alithubutu kulima kinacholipa zaidi kwa sababu mvua ikimtupa angeuza ndama. Wote wawili walikuwa wakulima wenye akili timamu, kila mmoja akichagua kulingana na hatari anayoweza kuimudu. Lakini baada ya miaka kumi mmoja atakuwa amesogea na mwingine atakuwa palepale, na atakayepita na dodoso ataandika kwamba huyu wa pili ni maskini kwa sababu analima viazi. Kinyume chake ndicho kilichotokea. Akili nayo hulipa gharama yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima wa miwa 464 wa Tamil Nadu, India, ambao hupata fedha zao nyingi kwa mkupuo baada ya mavuno. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi katika mazoezi ya kufikiri kabla ya mavuno, akiwa na madeni na wasiwasi, kuliko baada ya kulipwa. Wapo wataalamu waliohoji ukubwa wa matokeo hayo, na ni halali yao. Mwelekeo wake, hata hivyo, hautamshangaza mtu yeyote aliyewahi kuuona mwezi wa Januari ukikutana na karo.

Ushahidi ninaouona kuwa na nguvu kuliko wote unatoka Kenya. Tangu miaka ya mwisho ya muongo wa 2010, vijiji 295 vya kaunti za Siaya na Bomet vimekuwa sehemu ya jaribio la kuwapa watu wazima fedha bila masharti. Katika vijiji vingine kila mtu mzima aliahidiwa takribani senti 75 za dola kwa siku kwa miaka 12. Katika vingine aliahidiwa kiasi kilekile kwa miaka miwili tu. Vingine vilipewa fedha zote kwa mkupuo, na vingine havikupewa ili viwe vya kulinganishia. Angalia jambo moja: miaka miwili ilipotimia, kundi la kwanza na la pili yalikuwa yamepokea fedha zilezile. Walichotofautiana ni ahadi. Ilikuwaje? Waliojua kwamba fedha zitaendelea kuja walianzisha biashara nyingi zaidi na kupata faida kubwa zaidi kuliko waliojua zinakaribia kukoma, na walitumia sana vyama vya kuchangiana kwa zamu, vile ambavyo Wakenya huviita chama na Watanzania upatu, kugeuza senti za kila siku kuwa mtaji wa mara moja. Waliopewa kwa mkupuo nao walifanya vizuri katika biashara, na sioni sababu ya kulificha hilo, maana mtaji ulioko mkononi tayari hauna shaka tena. Janga la UVIKO-19 lilipofika, kaya zilizokuwa zikipokea ziliripoti njaa kidogo na sonona kidogo kuliko zisizopokea. Nafuu hiyo haikuwa kubwa sana, lakini ilionekana katika miezi ambayo masoko yalifungwa na kila mtu alikuwa na hofu.

Uhakika wa kesho hauji kwa fedha peke yake. Katika mji wa Tangier nchini Morocco, watafiti akiwamo Esther Duflo walifuatilia kaya zilizorahisishiwa kuvuta bomba la maji hadi nyumbani kwa mkopo. Kabla ya hapo walichota kwenye mabomba ya mtaa, na maji yale yalikuwa safi, kwa hiyo magonjwa ya matumbo hayakupungua. Mtaalamu wa afya anayehesabu vipindi vya kuhara angesema mradi umeshindwa. Lakini watu walisema wanaishi vizuri zaidi. Walipata muda wa kupumzika na kutembeleana, na ugomvi na majirani kuhusu maji ukapungua. Hata hivyo bili yao ya maji ilipanda, na waliilipa kwa hiari. Nani katika Tanzania au Kenya asiyeelewa? Mwanamke anayeamka alfajiri bila kujua kama foleni ya kisimani itamchukua nusu saa au saa tatu hawezi kumwahidi mtu yeyote kwamba saa mbili atakuwa sokoni. Siku nzima inaning'inia kwenye ndoo. Vipimo vyetu vya maji vinahesabu umbali wa chanzo na idadi ya watu wanaohudumiwa, na ni vizuri, lakini bomba linalotoa maji siku mbili kwa wiki bila ratiba linahesabiwa sawa na linalotoa kila siku.

Kwa wazee jambo hili ni zito zaidi. Nshamba, wilayani Muleba, ilibaki na mabibi na mababu wengi wanaolea wajukuu baada ya Ukimwi kuchukua kizazi cha katikati. Mwaka 2003 ulianza huko mradi wa Kwa Wazee, ukiwapa baadhi yao kiasi kidogo cha fedha kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa kila mjukuu. Tathmini yake ya mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, na katika vitu hivyo vitatu unaona mtu mzima ni nani machoni pa jirani zake: anayekula chakula chenye ladha, anayekaa na watu akiwa msafi, ambaye mjukuu wake harudishwi nyumbani kutoka shule. Zanzibar ilikwenda mbali zaidi. Aprili 2016 ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka kwenye hazina yake, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, na baadaye kiasi hicho kikapandishwa. Elfu 20 haimtoi mtu katika umaskini, na wakosoaji waliosema hivyo walisema kweli. Walichokiacha ni kwamba inafika kila mwezi, ni yake, na hakuna mkwe anayeweza kumsimanga nayo.

Siwezi kuiacha ardhi, maana kwa mwanamke wa kijijini ndiyo kesho yenyewe. Kwa Wahaya, kibanja cha migomba na kahawa kilihesabiwa kuwa mali ya ukoo, na sheria za kimila zilimruhusu binti kukitumia maisha yake yote lakini si kukiuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza iliamua kesi inayojulikana kama ya Ephrahim na Pastory, ya mwanamke wa Muleba aliyerithishwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, na mtoto wa kaka yake akadai mauzo ni batili. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mila hiyo inapingana na katiba na haki za binadamu, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi aliyorithi kama mwanamume. Ni moja ya hukumu zinazotajwa sana katika sheria za Afrika. Lakini miaka mingi baadaye mjane asiye na hati bado hupima maneno yake mbele ya shemeji, hapandi mti wa kudumu asioujua kama atauvuna, wala hapangi kujenga nyumba ya matofali. Ukimlinganisha na jirani mwenye mapato sawa na hati mkononi, takwimu za kipato zitawaonyesha kuwa sawa.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba ninaizunguka fedha tu. Mpe mtu kipato cha kutosha, watasema, na uhakika utakuja wenyewe. Pingamizi hili lina ushahidi wake, tena kutoka Kagera ileile: kati ya 1991 na 2004 ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Hilo ni pengo kubwa, na atakayewaambia vijana wasihame anawadanganya. Lakini tuulize kwa nini wengi hawakuhama, ilhali faida ilikuwa wazi hivyo. Sehemu ya jibu ni kwamba kuhama kunataka mtu anayeweza kupoteza nauli na miezi ya mwanzo bila kufa njaa, yaani kunataka uhakika kwanza. Wachumi hawakuhitajika kugundua hili. Kila ukoo unajua ni mtoto yupi alipelekwa mjini na shamba lipi liliuzwa ili aende. Na data za Kagera zinaonyesha kwamba waliohama waliendelea kuwafaa waliobaki walipopatwa na shida, bila wao kupata msaada wa namna hiyo kutoka nyumbani. Kipato na uhakika hulishana, nakubali. Ninachokataa ni kuchukulia kwamba kimoja lazima kitangulie, na kwamba maskini wasubiri ukuaji wa uchumi ndipo wafikiriwe kinga.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema ubora wa maisha umo moyoni, kwamba mtu wa imani, mwenye kuridhika, huishi vizuri katika kibanda. Sitaki kulidharau hili. Mahusiano na imani hujitokeza katika kila utafiti wa dhati kuwa nguzo za maisha ya mtu mzima. Ila Sen alishatuonya zamani kwamba binadamu aliyenyimwa kwa muda mrefu hujifunza kupunguza anachokitamani, na kuridhika kwake hakuwezi kutumiwa kama cheti kwamba hana anachokosa. Na moyo wenyewe hutulizwa na mambo ya nje. Mjini Harare daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 mpango wa kuwafunza akina bibi kukaa kwenye benchi karibu na kliniki na kuwasikiliza wenye mawazo mengi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, likihusisha watu 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 14 tu ya waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili za sonona, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo ulifika hadi Zanzibar. Bibi wa benchi hatoi hata senti, lakini humsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia, na yupo palepale wiki ijayo. Nchini Kenya, watafiti waliolinganisha ushauri wa kisaikolojia wa wiki chache na fedha taslimu walikuta, mwaka mmoja baadaye, kwamba fedha zilikuwa zimeboresha hali ya nafsi na ushauri haukuwa na athari iliyoonekana. Nadhani tofauti iko katika kile kinachobaki: benchi lilibaki mtaani, na kozi iliisha.

La tatu ni lile la uvivu, na linasemwa kila mara unapotajwa TASAF, mfuko wa Tanzania unaozipa kaya maskini ruzuku. Wape watu fedha za kila mwezi, nao wataacha jembe na kwenda kilabuni. Wachumi wanne, Abhijit Banerjee akiwa miongoni mwao, walikusanya majaribio saba ya mipango ya serikali katika nchi sita, wakachapisha mwaka 2017 kwamba hakuna ushahidi kwamba wapokeaji walifanya kazi kidogo. Uchambuzi mwingine wa tafiti 19 haukuona matumizi ya pombe na sigara yakiongezeka. Na katika majaribio ya mwanzo ya TASAF huko Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, kaya zilizopokea zilielekea zaidi kujiunga na bima ya afya na kununua mifugo midogo. Watu waliopewa nafasi ya kununua uhakika waliununua.

Linabaki pingamizi la udugu, ambalo kwangu ni gumu kuliko yote kwa sababu limejaa mapenzi ya kweli. Waafrika tuna ndugu, tuna majirani, tuna michango; kwa nini tuwakabidhi serikali na kampuni za bima kazi ambayo jamii imeifanya vizazi vyote? Jibu limo katika aina ya balaa. Nyumba moja ikiungua, kijiji kinaijenga. Mnyauko ukiingia kila shamba, au tetemeko likibomoa kila ukuta, wa kumchangia mwenzake hayupo, maana wote wameanguka siku moja. Ukimwi ulifanya vivyo hivyo kwa mwendo wa polepole: mikono iliyokuwa ya kuchangia ndiyo iliyozikwa. Na pale jamii inaposhindwa, pengo hujazwa na wakopeshaji ambao Watanzania wameipa mikopo yao jina la kausha damu. Kinga pana ya umma haiui udugu. Humwezesha jirani mwema asaidie bila kujifilisi.

Kagera ina biashara moja inayoonyesha gharama hii kwa shilingi kamili. Wenyeji huiita butura. Mkulima mwenye shida kabla ya mavuno humwuzia mnunuzi kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei iliyo chini mno ya ile ya msimu, kisha mavuno yakifika huchuma mali ambayo si yake tena. Serikali imeipiga marufuku butura kwa miaka mingi na viongozi wa ushirika wameilaani, lakini katazo humkuta mtu akiwa na mgonjwa wodini, na yule mnunuzi ndiye pekee aliyekuja na fedha mkononi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inaweza kuondoa sababu moja kubwa ya butura, iwapo tu itazingatia kalenda ya mkulima. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 uliitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, na hata kiasi hicho kilizishinda kaya nyingi, hasa kilipodaiwa mwezi ambao ndani hamna kitu. Mchango uleule ukikatwa wakati chama cha msingi cha ushirika kinapolipa malipo ya kahawa, kwa ridhaa ya mwanachama, kaya itaingia Februari ikiwa na kadi. Zaidi ya hapo kilichobaki ni kupima kama inafanya kazi, na data haziko mbali: chama cha msingi kina orodha ya wakulima wake, halmashauri ina orodha ya kaya zenye bima, na kahawa iliyouzwa kabla ya kuiva inajulikana kijijini hata pale ambapo hakuna aliyeiandika.